Bakteria wa kinywani, ukoga na sababu za jino kuoza: tuelimishane

Tabibu wa Meru (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Maswali mengi ya meno yanayoletwa humu huanzia mahali pamoja. Mtu anaumwa jino, anaambiwa lina mdudu, kisha anaanza kutafuta dawa ya kumuua mdudu huyo. Wapo wanaoweka karafuu, wapo wanaoweka maji ya betri ambayo huunguza fizi na kuacha kidonda kibaya, na wapo wanaofukizwa moshi wa mbegu hadi waonyeshwe vitu vyeupe vidogo vilivyodondoka kwenye bakuli la maji. Vitu hivyo ni viini vya mbegu zenyewe, zilizopasuka kwa joto. Mimi ni tabibu wa meno katika kituo cha afya mkoani Arusha, na ningependa kueleza ni viumbe gani hasa wanaoishi vinywani mwetu, wanafanya nini, na kwa nini jino la mtu mmoja hutoboka huku la jirani yake likibaki zima.

Imani ya mdudu wa jino si ya Afrika peke yake. Imo katika maandishi ya Babeli ya kale, na Ulaya ilidumu hadi karne ya 18, ambapo daktari wa meno wa Ufaransa, Pierre Fauchard, aliandika mwaka 1728 kwamba alichunguza meno yaliyooza kwa hadubini na hakuona mdudu wa namna hiyo. Lakini kabla yake kuna mtu aliyekwisha kuona kitu kingine. Tarehe 17 Septemba 1683, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, aliwaandikia barua wanasayansi wa Royal Society mjini London. Alikuwa amekwangua utando mweupe kati ya meno yake, akauchanganya na maji safi ya mvua, akauweka chini ya lenzi aliyoisaga mwenyewe, na akaona viumbe hai wadogo mno wakienda huku na huko. Alikadiria kwamba kinywani mwake waliishi viumbe wengi kuliko watu wote wa nchi yake. Naye alikuwa mtu aliyesugua meno yake kwa chumvi kila siku!

Jambo linalonivutia zaidi katika barua ile ni lile la siki. Leeuwenhoek aliona kwamba siki iliwaua viumbe hao ikiwafikia, lakini aliposukutua kwa siki, wale waliokuwa ndani ya utando waliendelea kuishi. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mgonjwa yeyote anapaswa kulielewa kuhusu bakteria wa kinywani, kwa sababu linaeleza kwa nini dawa za kusukutua, hata zile zinazowasha ulimi, haziwezi kuchukua nafasi ya kusugua.

Utando ule ndio ukoga. Dakika chache tu baada ya jino kusafishwa, protini za mate hujipaka juu yake na kufanya tabaka jembamba lisiloonekana. Juu ya tabaka hilo hunata bakteria wa kwanza, wengi wao wakiwa wa jamii ya Streptococcus, ambao kwa kawaida hawana madhara. Baada yao huja wengine wanaoshikana nao, na kila aina huandaa mahali pa aina inayofuata, hadi utando unapokuwa mnene kiasi kwamba hewa ya oksijeni haifiki chini kabisa. Huko chini huweza kuishi bakteria wasioivumilia hewa hiyo. Yeyote aliyewahi kuosha pipa la maji anaujua utelezi unaoota ndani yake, ambao hautoki kwa kumwaga maji na kujaza mengine, mpaka usuguliwe. Ukoga ni kitu cha namna hiyo hiyo.

Aina za bakteria zilizokwisha kutambuliwa katika vinywa vya binadamu zinapita 700, ingawa mtu mmoja hawi nazo zote. Wengi wao ni wenyeji wetu wa kawaida, na wapo wanaotusaidia kwa kuchukua nafasi ambazo vijidudu wabaya wangezikalia. Kwa hiyo lengo la kusafisha kinywa haliwezi kuwa kuua kila kiumbe kilichomo, na hata tungetaka tusingeweza. Tunachoshughulikia ni mambo mawili, yaani chakula tunachowapa bakteria hao na muda tunaowaachia wakae bila kusumbuliwa.

Nianze na chakula, maana hapo ndipo kuoza kwa jino kunapoanzia.

Mwaka 1890, Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya kazi Berlin na aliyejifunza bakteriolojia katika maabara ya Robert Koch, alitoa maelezo ambayo msingi wake unakubalika hadi leo: bakteria wa kinywani huchachusha sukari na wanga, hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya jino. Mwaka 1924, Kilian Clarke wa London alimtenga bakteria mmoja kutoka kwenye meno yaliyotoboka na kumwita Streptococcus mutans. Huyu ana uwezo wa namna mbili unaomfanya awe hatari. Anaendelea kutengeneza asidi hata pale ambapo asidi yenyewe imekwisha kuwazuia wenzake wasifanye kazi, na anaichukua sukari ya kawaida, hii ya miwa tunayotia kwenye chai, na kuitumia kufuma gundi inayomshikiza yeye na wenzake kwenye jino. Wanga wa ugali hauwezi kufumwa hivyo. Ndiyo maana sukari ina kesi nzito zaidi kuliko vyakula vingine.

Hata hivyo, bakteria peke yao hawatoshi, na sukari peke yake haitoshi. Mwaka 1954, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Frank Orland walionyesha kwamba panya waliolelewa bila kijidudu chochote hawakuoza meno hata walipolishwa chakula chenye sukari nyingi. Miaka 6 baadaye, Paul Keyes alionyesha kwamba hamsta wenye meno mazima (wanyama wadogo wa jamii ya panya) wanaweza kuupata ugonjwa huo wakikaa pamoja na hamsta wenye meno mabovu. Kwa hiyo, ili jino lioze, ni lazima bakteria, sukari na muda vikutane juu yake.

Muda huo una kipimo. Katika miaka ya 1940, Robert Stephan alipima ukali wa asidi ndani ya ukoga baada ya watu kusukutua kwa maji yenye sukari. Asidi ilipanda ndani ya dakika chache, pH (kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi) ikashuka chini ya 5.5, kiwango ambacho enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini, kisha ikarejea taratibu katika muda wa nusu saa hadi saa nzima au zaidi, kwa kazi ya mate. Mate hupunguza ukali wa asidi na hurudisha kalsiamu na fosfeti kwenye jino. Jino linapoteza madini na kuyapata tena kila siku ya maisha yetu, na likipewa nafasi ya kupumzika kati ya mlo na mlo, hasara ya asubuhi hufidiwa kabla ya jioni.

Sasa fikirieni siku ya kawaida ya wengi wetu. Saa 1 asubuhi mtu anakunywa chai yenye vijiko 3 vya sukari, saa 4 anakunywa chai nyingine kwa andazi, mchana ananunua soda na kuinywa kwa mafundo madogo madogo mezani kwake hadi saa 9, jioni ni chai tena, na usiku biskuti mbele ya televisheni. Jumla ya sukari yake huenda isizidi ya mtu aliyekula keki moja kubwa baada ya chakula cha mchana. Lakini meno yake yameloa asidi kutwa nzima, wakati ya yule mla keki yameloa kwa saa moja tu.

Ushahidi wa jambo hili tumeupata kwa gharama ambayo hatuna budi kuitaja. Katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, nchini Uswidi, palikuwa na watu wenye ulemavu wa akili waliolelewa na serikali. Katika miaka ya 1940 watafiti waliwagawa katika makundi na kuwapa sukari kwa njia tofauti. Wengine waliipata ndani ya mkate na vinywaji wakati wa mlo, wengine walipewa chokoleti au peremende kati ya milo, na kundi lililotendwa vibaya kuliko yote lilipewa tofi zinazonata, hadi 24 kwa siku. Waliokula sukari wakati wa mlo hawakuongezewa madhara makubwa, bali waliopewa tofi kati ya milo waliharibikiwa meno vibaya sana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, nayo yakawa chanzo cha ushauri wa Uswidi kwamba watoto wapewe peremende siku ya Jumamosi tu. Watu wale hawakuombwa ridhaa, na wengi wasingeweza kuitoa. Kila ninapomwambia mama apunguze mara ambazo mtoto anakula vitu vitamu, najua kwamba maarifa hayo yalipatikana kwa kuyaharibu meno ya watu ambao hawakuweza kukataa, na sioni haki kuyafundisha huku nikiwaficha.

Upande wa fizi una habari tofauti kidogo, maana bakteria wa fizi hawahitaji sukari yetu. Mwaka 1965, Harald Løe na wenzake mjini Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21, wote 12 walipata uvimbe wa fizi, na walipoanza kusafisha tena fizi zao zilipona baada ya siku chache. Ukoga ukiachwa muda mrefu pembezoni mwa fizi, madini ya mate huugandisha ukawa ugaga, ule ugumu wa rangi ya njano au kahawia ambao mswaki hauwezi kuutoa. Mtu akitaka kuuona ugaga wake, aangalie kwa kioo nyuma ya meno ya mbele ya chini, mahali mate yanapotokea chini ya ulimi. Ugaga una uso wa kukwaruza, kwa hiyo ukoga mpya hunata juu yake kwa urahisi, na chini ya fizi hutokea mifuko isiyo na hewa ambamo bakteria kama Porphyromonas gingivalis hustawi. Hapo mwili hupambana, na katika mapambano hayo mfupa unaoshika jino huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote, hadi siku mtu anapogundua kwamba meno yake yanacheza.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu kadiri ninavyoweza, ila naomba msitume picha za watu wengine bila ridhaa yao.

Mjukuu wa Bibi

Mkuu, nimesoma uzi wako wote na nakushukuru kwa kazi hii. Hata hivyo nina pingamizi. Bibi yangu aliishi kijijini hadi uzee mkubwa, hakuwahi kutumia dawa ya meno ya dukani, na alizikwa akiwa na magego yake. Sisi wajukuu tunapiga mswaki kila siku na tumekwisha kung'olewa. Je, huoni kwamba dawa hizi ndizo zinazotuharibia meno?

Tabibu wa Meru

Ndugu Mjukuu wa Bibi, pingamizi lako lina uzito, na ninaamini kwamba unachosema kuhusu bibi ni kweli. Yapo maelezo yake mazuri kutoka Sri Lanka. Kuanzia mwaka 1970, Løe yule yule na wenzake waliwafuatilia kwa miaka 15 wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki kabisa. Meno yao yalijaa ukoga na ugaga, na fizi zao karibu zote zilikuwa na uvimbe, lakini meno yaliyotoboka hayakuonekana ila kwa nadra sana. Meno waliyoyapoteza yalianguka kwa sababu ya fizi. Kati yao, asilimia 8 waliharibikiwa haraka sana, asilimia 81 kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 ugonjwa wao haukuzidi uvimbe wa fizi.

Kwa hiyo bibi alikuwa na bakteria kama sisi, ila inaelekea hakuwapa sukari mara 6 kwa siku, na huenda pia alikuwa miongoni mwa wale ambao fizi zao huvumilia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sukari ilipoadimika nchini Japani na Norway, kuoza kwa meno ya watoto kulipungua, na sukari iliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Kisiwa cha Tristan da Cunha kilichoko kusini mwa Bahari ya Atlantiki nacho kilisifika katika miaka ya 1930 kwa meno mazuri ya wakazi wake, mpaka vyakula vya dukani vilipoanza kuingia kwa wingi. Dawa ya meno imekuja nyakati zile zile ilipokuja soda, na ndiyo maana mtu anaweza kudhani kwamba mmoja ndiye mwenye kosa la mwingine.

Mama Wawili

Daktari, shikamoo. Mwanangu wa pili ana mwaka mmoja na miezi 10. Meno ya mbele ya juu yamekuwa na rangi ya kahawia karibu na fizi na moja limeanza kukatika, lakini ya chini ni meupe kabisa. Hulala na chupa ya maziwa niliyotia sukari kidogo. Mama mkwe anasema ni mabaki ya meno ya plastiki ambayo tulikataa yasitolewe alipokuwa mchanga. Nifanye nini?

Tabibu wa Meru

Marahaba, Mama Wawili. Nianze na hilo la meno ya plastiki, kwa kuwa limewaumiza watoto wengi nchini kwetu na kwa majirani zetu wa Uganda. Kinachoitwa meno ya plastiki ni vichipukizi vya kawaida vya meno ya utotoni, hasa chonge, ambavyo huonekana kama uvimbe mweupe kwenye fizi ya mtoto mchanga. Havileti homa wala kuhara. Mtoto mwenye homa na kuhara ana ugonjwa mwingine unaohitaji kupimwa, na kumchokonoa fizi kwa kisu au chuma kisicho safi humwongezea kidonda, kuvuja damu na maambukizi, na huweza kuliharibu jino la kudumu lililoko chini. Mlifanya vyema kukataa, na naomba mama mkwe aelezwe kwa heshima, kwa sababu najua anasema hayo kwa kumpenda mjukuu wake.

Tatizo la mwanao unalieleza mwenyewe vizuri. Mtoto anapolala na chupa, maziwa matamu hutuama kwenye meno ya mbele ya juu, na usiku mate hupungua sana kwa hiyo hakuna kinachopunguza asidi. Meno ya chini hukingwa na ulimi na mate yanayotokea karibu yake, ndiyo maana yamebaki meupe. Muone sasa, kabla hujaenda kokote: muinulie mdomo wa juu kwenye mwanga wa dirisha, ukaushe meno kwa kitambaa safi, na uangalie magego yake ya kwanza. Ukiona mstari mweupe kama chaki karibu na fizi, hiyo ni enameli iliyoanza kupoteza madini lakini bado haijatoboka, na mahali hapo panaweza kuokolewa.

Acha sukari kwenye maziwa kuanzia leo, na chupa ya usiku iwe ya maji matupu. Msugue meno asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje moja ya mchele kwa umri wake, na ukishamsugua usiku asile tena kitu. Mpeleke kwa tabibu wa meno wiki hii, maana yapo matibabu ya kupaka ambayo husimamisha kuoza bila kuchimba wala sindano. Dawa mojawapo, yenye madini ya fedha na floraidi, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Huacha alama nyeusi kwenye sehemu iliyooza, nawe uambiwe hilo mapema usije ukashtuka, lakini mtoto hulala bila maumivu.

Mkazi wa Usa River

Mkuu, hapo kwenye floraidi umenigusa. Sisi huku tuna meno ya kahawia tangu utotoni kwa sababu ya maji. Sasa unatuambia tuongeze floraidi nyingine kwenye dawa ya meno?

Tabibu wa Meru

Swali la haki kabisa, na ninaishi nalo kila siku kwenye kiti cha wagonjwa. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru, na ya sehemu nyingine za Bonde la Ufa hadi Nakuru na Naivasha kwa majirani zetu wa Kenya, yana floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo mara kadhaa. Magadi tunayopikia maharage nayo huweza kuwa na floraidi nyingi. Mtoto akiyatumia maji hayo wakati meno yake ya kudumu yanajengwa ndani ya taya, takriban hadi umri wa miaka 8, enameli huundwa ikiwa na kasoro, na jino hutoka na madoa meupe au ya kahawia. Yakizidi sana na kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika.

Lakini madoa hayo si kuoza, wala hayaletwi na bakteria. Nimeona watu wenye meno ya kahawia yaliyo mazima kabisa wakiomba yang'olewe kwa sababu ya aibu waliyotiwa na watu, na hilo hunisikitisha sana. Floraidi iliyomo kwenye dawa ya meno hufanya kazi juu ya jino, inapokuwapo kwenye mate wakati madini yanarudi, na enameli inayojengeka upya huwa ngumu zaidi mbele ya asidi. Mtu mzima ambaye meno yake yamekwisha kuota hawezi kupata madoa mapya kwa kupiga mswaki. Kwa watoto wa maeneo yetu hatari iko kwenye kumeza, kwa hiyo mzazi ndiye aweke dawa kwenye mswaki, iwe kidogo, na amfundishe mtoto kutema. Juhudi kubwa zaidi ielekezwe kwenye maji: ya mvua yaliyovunwa vizuri, au yaliyochujwa floraidi kwa mkaa wa mifupa, njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo hapo karibu nawe.

Fundi Simu

Mimi jino lilinitesa mwezi mzima. Nikanunua amoksilini na metronidazoli duka la dawa, nikameza siku 5, maumivu yakaisha kabisa. Shimo bado lipo lakini haliumi hata nikinywa maji baridi. Je, nimepona?

Tabibu wa Meru

Hapana ndugu yangu, hujapona, na naomba usome jibu hili hadi mwisho. Dawa ulizomeza husafiri kwa njia ya damu, na ndani ya shimo la jino hakuna damu inayofika. Bakteria walioko kwenye dentini iliyooza, yaani tabaka la jino lililo chini ya enameli, hawaguswi. Jino lililokuwa linaumia kwa maji baridi lilikuwa na kiini, ile sehemu laini ya ndani yenye neva, kilicho hai kinacholalamika. Kiini kikishakufa, hakilalamiki tena. Kuanzia hapo bakteria hushuka kupitia mfereji wa mzizi hadi kwenye mfupa, na huko wanaweza kukaa kimya kwa miezi mingi kabla jipu halijajitokeza. Dawa hizo zina nafasi yake pale maambukizi yanapoanza kuenea mwilini, nazo hutolewa pamoja na kutibu au kung'oa jino lenyewe. Kuzimeza kila jino linapouma kunawazoesha bakteria, nasi tutazihitaji siku ya hatari.

Siku hiyo ya hatari ina dalili zake. Uvimbe ukiteremka chini ya taya na chini ya ulimi pande zote mbili, shingo ikawa ngumu, ukashindwa kumeza hata mate, mdomo haufunguki na sauti imebadilika, usisubiri asubuhi, nenda hospitali kubwa usiku huo huo. Hali hiyo ilielezwa na daktari wa Ujerumani, Wilhelm von Ludwig, mwaka 1836, na huua kwa kuziba njia ya hewa. Mara nyingi sana chanzo chake ni gego la chini lililoachwa na shimo. Bakteria wa kinywani wanaoingia kwenye damu wanaweza pia kunata kwenye vali za moyo, hasa kwa mtu aliyekuwa na ugonjwa wa vali tangu awali, kwa hiyo wenye tatizo hilo wamweleze tabibu kabla ya kuguswa jino.

Bi Shela

Assalaam alaykum. Huku Lamu wazee wetu wanatumia mswaki wa mti na fizi zao ni nzuri. Baba yangu ana kisukari, fizi zinatoka damu, naye ameambiwa aache kupiga mswaki mpaka damu ikome. Ni sahihi?

Tabibu wa Meru

Waalaykum salaam, Bi Shela. Mswaki wa mti ukitafunwa vizuri mpaka nyuzi zilainike, na ukatumiwa kwa kufuata mstari wa fizi badala ya kusugua mbele tu, huondoa ukoga vizuri. Tafiti zilizoulinganisha na mswaki wa plastiki zimeona kwamba haubaki nyuma sana mikononi mwa anayeujua. Udhaifu wake ni kwamba ni vigumu kuufikisha nyuma ya magego na upande wa ulimini, na hauna floraidi ya kutosha. Baba anaweza kuendelea nao mchana, na usiku akatumia dawa ya meno yenye floraidi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi.

Ushauri wa kuacha kusugua ni kinyume cha kinachotakiwa. Damu inatoka kwa sababu ukoga upo, na ukiachwa utazidi. Asugue kwa mswaki laini, na damu ikiendelea baada ya wiki mbili, ugaga uliopo chini ya fizi unahitaji kuondolewa na tabibu. Kwa mwenye kisukari jambo hili lina uzito wa pekee: sukari ikiwa juu kwenye damu, fizi huharibika haraka zaidi, na fizi zenye maambukizi nazo hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Anayemhudumia kisukari chake na anayemhudumia meno wapeane taarifa.

Mwalimu wa Kondoa

Nashukuru kwa uzi huu, nitausoma na wanafunzi wangu. Hospitali yetu ya karibu haina mashine ya kuchimba jino, na umeme ni wa shida. Tukienda tunaambiwa kung'oa tu. Je, mtoto mwenye shimo dogo hana njia nyingine?

Tabibu wa Meru

Mwalimu, njia ipo, nayo ilianza kutumika hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake walikuwa wakitafuta namna ya kuziba meno mahali pasipo na umeme, na wakajaribu kuondoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono peke yake. Njia hiyo ilikuja kutangazwa rasmi na Shirika la Afya Duniani tarehe 7 Aprili 1994, na leo inatumika katika nchi nyingi duniani.

Kazi yenyewe ni ya utulivu. Mdomo wa shimo hupanuliwa kidogo kwa patasi ndogo ya meno, kisha kwa kijiko chenye ncha ya duara dentini laini, yenye unyevu na rangi ya kahawia, huchotwa tabaka kwa tabaka kuanzia kingo za shimo. Mkono huhisi mahali ulaini unapoishia. Karibu na kiini si lazima kuchota hadi rangi yote iishe, kwa kuwa bakteria wachache watakaobaki, wakishafungiwa chini ya saruji isiyopitisha sukari, hukosa chakula na ugonjwa husimama. Saruji inayotumika, glasi-ionoma, huchanganywa kwa mkono, hushikamana na jino na hutoa floraidi kidogo kidogo. Mara nyingi mtoto hahitaji hata sindano ya ganzi.

Njia hii inafaa kwa shimo lililoonekana mapema, ambapo jino halijaanza kuuma lenyewe usiku na hakuna jipu kwenye fizi. Ikishafika huko, kuziba juu juu ni kufungia usaha ndani. Kwa hiyo muulize tabibu wa hospitali yenu kama ana vifaa vya mkono na saruji hiyo, maana vyote viwili vinatosha kwenye mkoba mmoja, na kama havipo, mganga mfawidhi anaweza kuomba viagizwe. Kwa upande wa shule, wapange watoto karibu na dirisha, kila mmoja afungue kinywa, na mwandike majina ya wenye alama nyeupe za chaki au mashimo madogo kwenye magego ya kwanza ya kudumu, yale yanayoota nyuma kabisa katika umri wa miaka 6, ambayo wazazi wengi hudhani ni ya utotoni na kwamba yatang'oka yenyewe. Hao ndio muwapeleke kwanza.